Ukurutu wa watoto na vitu vya nyumbani vinavyouchokoza

Kila mama wa Lamu mwenye mtoto wa ukurutu, yaani ekzema, ashaambiwa moja kati ya mawili, ama mtoto haogeshwi sawasawa, ama amekula kitu. Na akishaambiwa hivo anafanya kile ambacho mama yeyote angefanya, anaongeza sabuni, anatia dawa kwenye maji ya kuoga, anasugua, anafua nguo na sabuni ya unga nyingi zaidi, alafu anamnyima mtoto mayai na samaki, na mtoto anazidi kujikuna usiku kucha mpaka shuka inaamka na madoa ya damu. Naandika hii kwa sababu inaniuma kuona watoto wanasuguliwa namna hiyo na mama zao wanalaumiwa, manake sehemu kubwa ya vitu vinavyowachokoza ngozi ni vile tunavyowawekea kwa mapenzi kabisa, sabuni yenye harufu nzuri, marashi, udi, piko ya kuchora mikono Idi.

Tuanze na ngozi yenyewe, usipoielewa hiyo yote yanayofuata yatakuwa ni orodha tu ya kukatazwa. Ngozi ya juu kabisa ni chembe bapa zilizolaliana kama makuti ya paa, na katikati yake kuna mafuta ya asili yanayozishikanisha. Ikiwa nzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo na vitu vya nje haviingii. Mtoto wa ukurutu kazaliwa na ngozi ambayo mafuta hayo ni machache na chembe hazikukamatana vizuri, kwa hivo inakauka hata huku kwetu ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na kila kinachoigusa kinapenya ndani, kinga ya mwili inakishtukia, ngozi inavimba, inawasha, mtoto anakuna, na kule kukuna kunaibomoa ngozi zaidi, bas mambo yanaanza upya. Mwaka 2006 watafiti waligundua kwamba jeni ya protini ya ngozi inayoitwa filagrini ikiwa na kasoro, uwezekano wa kupata ukurutu unapanda sana. Kasoro zile zimeonekana zaidi kwa watu wa Ulaya na Asia, kwa sie Waafrika ni nadra, lakini udhaifu wa ngozi ni ule ule hata kama jeni zinazouleta ni nyengine. Ndo mana utaona ukurutu unatembea ndani ya ukoo mmoja pamoja na pumu na yale mafua ya kupiga chafya kila asubuhi. Mtoto hakuupata kwa uchafu na hauambukizi, akicheza na wenziwe chuoni hawaambukizi.

Sasa kuna jambo linachanganya sana watu hapa. Kitu kinaweza kuharibu ngozi kwa njia mbili tofauti. Njia ya kwanza ni kuichokoza tu, kuiunguza kidogo kidogo, hii haihitaji aleji, hata wewe mtu mzima ukifua siku tatu mfululizo mikono inapasuka, na hapa kinachohesabika ni kiasi na muda, sabuni kali dakika moja si sawa na sabuni ile ile iliyobaki kwenye kola ya shati kutwa nzima. Njia ya pili ni aleji yenyewe, yaani mwili umekijua kitu fulani na umekichukia, na ukishakichukia hata tone dogo linatosha, alafu upele hautoki pale pale bali siku moja mpaka tatu baadaye, kwa hivo mama anamlaumu kamba wa jana wakati mwenye makosa ni kitu alichopakwa juzi. Watoto wengi wa ukurutu wanasumbuliwa zaidi na hiyo njia ya kwanza, tena si na kitu kimoja, ni vitu kumi vidogo vidogo kwa siku moja. Ukitafuta mchawi mmoja hutampata. Ukipunguza mzigo, ngozi inapumua.

Sabuni ndo ya kwanza. Ngozi ina asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho chini ya 7 ni asidi na juu yake si asidi, iko karibu na 5, na sabuni ya kipande iwe ya kuogea au ya kufulia iko kati ya 9 na 10. Ngozi ikitolewa kwenye asidi yake, vile vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta ya kuishikanisha vinazembea na vile vinavyoambua chembe za juu vinachangamka, na kwa mtoto wa kawaida inarudi sawa baada ya muda lakini mtoto wa ukurutu hana akiba hiyo. Sabuni za "dawa" ndo mbaya zaidi kwake, na ile dawa ya kuua vijidudu ya rangi ya chai kavu, inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiimimina majini, watu wanaitia kwa kukadiria tu, mara kifuniko kimoja kwa ndoo, mara viwili kwa sababu leo mtoto kajikuna sana. Ile inachoma ngozi iliyopasuka. Mtoto akilia bafuni kila siku si deko, maji yanamuwasha kweli kweli. Povu nalo lina hadithi yake, shampoo na sabuni nyingi za maji za kuogea zina kitu kinaitwa sodiamu lorili salfeti, kwenye lebo utaona SLS au jina refu linaloanza na Sodium Lauryl, na watafiti wa ngozi wanapotaka kuichokoza ngozi makusudi ili waipime, hicho ndicho wanachopaka. Kwa mtoto huyu povu jingi si dalili ya usafi mzuri.

Kumwogesha kwenyewe kunafaa, tena kila siku, maji ya uvuguvugu tu, dakika tano mpaka kumi, sabuni isiyo na harufu tena kwapani, kwenye mapaja na miguuni peke yake, pengine pote maji yanatosha. Dodoki na kile kijiwe cha kusugulia miguu viwekwe mbali. Ukimtoa mpapase na leso laini ya zamani, usimsugue, na kabla ngozi haijakauka kabisa, ndani ya dakika tatu hivi, mpake mafuta.

Na mafuta yenyewe tunapaka kidogo mno, hapa wengi wetu ndo tunapokosea. Miongozo ya Uingereza inasema mtoto wa ukurutu apakwe gramu 250 mpaka 500 kwa wiki, sa angalia kile kikopo chako kidogo cha vaselini cha gramu 50 kinachomaliza mwezi mzima utaona tofauti. Vaselini isiyo na harufu inafaa, bei yake ni nafuu, na haina vitu vingi ndani. Mafuta ya nazi nayo yana ushahidi, mwaka 2014 Ufilipino walipaka watoto 117 kwa wiki nane, nusu mafuta ya nazi yasiyopikwa na nusu mafuta ya madini, na wa nazi walipata nafuu zaidi. Lakini iwe nazi tupu, usinitilie asumini na waridi ndani, wala usipake mafuta yaliyokaa mpaka yakavunda. Zeituni tusipake kwenye ngozi hii, najua tunavyoipenda, ila utafiti wa Uingereza wa 2013 ulionyesha inalegeza ngozi ya juu badala ya kuilinda, ile tumlishe. Tahadhari moja, nguo na mashuka yaliyolowa mafuta yanashika moto upesi, kwa hivo mtoto aliyepakwa asikae karibu na jiko la makaa wala kibatari.

Kufua. Hebu mtizame mtu anavyofua huku kwetu, anachota konzi ya sabuni ya unga, anaitupa kwenye beseni, anakoroga mpaka povu linamwagika, anaroweka, anafikicha, anakamua, anasuuza mara moja kwa ndoo moja kwa sababu maji ni ya kununua au ya kuteka, alafu anaanika juani. Nguo ikikauka inakuwa ngumu, ukiikung'uta utaona hata kivumbi cheupe, na kile kivumbi ni sabuni. Mtoto anaivaa, anatoka jasho, sabuni inalowa tena kwenye shingo na mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, yaani pale pale ukurutu unapopenda kukaa. Si lazima ununue sabuni ya bei ghali, punguza iwe nusu na usuuze mara mbili, kama maji ni haba basi nguo za huyu mtoto zisuuzwe mwanzo kwenye maji mapya kabla ya za wengine, na shuka na foronya pia kwa sababu anazilalia usiku mzima. Jiki na ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu usitie kabisa kwenye nguo zake.

Maji yetu yenyewe yana mchango. Lamu tunakunywa maji yanayotoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela lakini visima vingi vya mjini vina chumvi na chokaa, sabuni ikikutana na maji ya chokaa haitoi povu bali inaacha utando, na huo utando unabaki kwenye ngozi na kwenye nguo. Kwa hivo watu wanaongeza sabuni tena. Uingereza walijaribu kuwawekea watoto 336 wenye ukurutu mashine za kulainisha maji majumbani, matokeo yalitoka 2011, hazikuwasaidia kitu zaidi ya matibabu ya kawaida, nasema hili usije mtu akakuuzia kichujio cha maelfu ya shilingi akakwambia kitamponya mtoto. Kama una maji ya mvua au ya mfereji mazuri kidogo yaweke ya kumsuuzia mwisho.

Harufu sasa, na hapa najua nagusa mahali. Nyumba ya Mswahili bila udi na marashi haijakamilika, mgeni akiingia anarashiwa, nguo za Ijumaa zinafukizwa, mtoto mchanga anafukizwa, chetezo kinazungushwa chumbani magharibi. Simwambii mtu aache. Nasema nguo za mtoto huyu zisifukizwe, yeye asikae chumbani wakati moshi umejaa, fungua madirisha kwanza, na marashi na halud na mafuta ya uturi yasimguse ngozi, hata kama ni ya asili, manake waridi na asumini ni za asili na bado ni miongoni mwa vitu vinavyoleta aleji ya ngozi. Mbebaji pia ana lake, shangazi kajipaka uturi shingoni alafu kamlaza mtoto shavu pale pale, siku ya pili shavu limechachamaa na hakuna anayejua kwanini. Liwa na manjano na majani ya mkilifi ya kuogea, vyote vinaweza kuunguza ngozi iliyopasuka, ya nyanya zetu yana heshima yake ila hayakuwa yametengenezwa kwa ngozi hii.

Waipsi, vile vitambaa vya majimaji vya pakiti. Kuna dawa ya kuhifadhi inayotiwa mle inaitwa methilisothiazolinoni, kwa kifupi MI, na mwaka 2014 madaktari Marekani walieleza habari za watoto sita waliokuwa na upele sugu usoni na makalioni, wengine walishatibiwa kama ukurutu na magonjwa mengine, na waliposimamishiwa waipsi ngozi ikasafika. Pamba na maji inatosha. Upele wa makalioni wenyewe mara nyingi ni mkojo na nepi iliyokaa sana, ukurutu wa mtoto mchanga kwa kawaida unakaa mashavuni, kichwani na nje ya mikono na miguu, ndani ya nepi huwa hauingii.

Piko nataka nikae nayo kidogo kwa sababu Idi na harusi haziishi huku. Hina safi ni majani, inatoa rangi ya chungwa au kahawia, inataka ikae masaa, na ni nadra kumletea mtu aleji. Piko nyeusi tii inayokolea chini ya saa moja ni rangi ya nywele, na ndani yake kuna kemikali kwa kifupi PPD, Ulaya hairuhusiwi kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi, hata kwenye rangi ya nywele mwisho wake ni asilimia 2, na hii yetu inachanganywa nyumbani, haipimwi. Mtoto anachorwa maua mazuri mkononi, siku chache baadaye ua lile lile linainuka malengelenge, ukilitizama unaliona lilivyochorwa, petali kwa petali, likivuja maji. Anayepata aleji ile anaibeba maisha, akija kukua akatia rangi nywele anaweza kuvimba uso mpaka macho yazibe, na baadhi ya rangi za nguo na dawa za ganzi za kupaka zinaweza kumsumbua pia kwa sababu zinafanana na PPD. Mtoto wa ukurutu ngozi yake iko wazi, kwa nini tumuwekee hatari hiyo kwa pambo la siku tatu? Mpake hina, na kama ni mchanga wa miezi hata hina muachie, kuna watoto wana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe za damu, nao kwenye pwani yetu ya malaria si haba, na hina inaweza kuwavunjia chembe hizo. Naftalini za sandukuni zina madhara hayo hayo kwa watoto hao, nguo zilizotunzwa na naftalini zisivishwe mtoto mchanga.

Mengine nayapitia upesi. Nguo mpya ya Idi ifuliwe kwanza, dawa ya kiwandani itoke, na chini yake avae fulana ya pamba hasa kama ni ya nailoni au ina vikorokoro vya kung'aa. Nyumba ikipigwa chokaa mtoto ahamie kwa jamaa siku hizo, chokaa mbichi pH yake inafika 12. Neti mpya yenye dawa itundike kivulini siku nzima kabla ya kuilalia, usiiache kwa sababu ya ngozi, malaria ni mbaya kuliko ukurutu. Dawa ya mbu ya kuchoma iwe nje. Mito ya sufi na magodoro ya zamani yanafuga vijidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinapenda unyevu, sijaona ushahidi mkubwa kwamba kuvipiga vita peke yake kunatibu ukurutu, lakini kufua mashuka kwa maji moto kila wiki hakumdhuru mtu. Jasho la kaskazi linawasha, mwogeshe maji tupu akitoka kucheza. Poda usimpake, inakausha. Baharini aende, kama ngozi ina nyufa chumvi itamchoma, mpake mafuta kabla na akitoka asuuzwe maji baridi na apakwe tena.

Chakula. Ni kweli watoto wenye ukurutu mkali baadhi yao wana aleji ya mayai, maziwa, karanga au samaki, na aleji hiyo mara nyingi inajionyesha haraka, dakika chache mpaka masaa mawili, midomo inavimba, vipele vya kuvimba mwili mzima, kutapika, kukohoa, huyo apelekwe hospitali mbio. Lakini kumkataza mtoto mayai na pweza na kamba na maziwa kwa kukisia tu kunamkondesha, na ukurutu unabaki pale pale. Tena kuna jambo la ajabu lililothibitika, utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2015 uliwachukua watoto wachanga 640 waliokuwa hatarini kupata aleji ya karanga, kundi moja lile karanga na kundi moja linyimwe, na walionyimwa ndo waliopata aleji ya karanga kwa wingi zaidi. Inaelekea kitu kikiingia mwanzo kupitia ngozi iliyopasuka mwili unakichukia, kikiingia kupitia tumbo unakizoea. Kwa hivo chakula kisikatazwe bila daktari.

Na kuhusu kuutambua, vitabu vingi vinasema ukurutu ni "mwekundu", kwa ngozi zetu hauonekani hivo, unaonekana kahawia iliyokoza, zambarau au kijivu, mara nyingi vijipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku, kwa hivo mtu anaambiwa si mkali kumbe ni mkali. Ukipoa unaacha mabaka meupe au meusi, meupe si mbalanga wala ukoma, yanarudi rangi yake taratibu baada ya miezi. Ukiona duara lenye ukingo na katikati pamesafika hiyo ni choa. Na ikiwa nyumba nzima inajikuna usiku, katikati ya vidole na kwenye mikanda, huo ni upele wa kuambukizana, scabies, unataka dawa nyengine na watu wote wa nyumba watibiwe siku moja.

Dawa ya steroidi ya kupaka, ile ya kutuliza uvimbe wa ngozi, haina ubaya ikitumika sawa, wakati ngozi imewaka mafuta peke yake hayatoshi. Ubaya ni ile krimu ya mchanganyiko unayopewa kwenye duka la dawa bila kuulizwa umri wa mtoto wala mahali utakapopaka, mle ndani mara nyingi mna betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni steroidi kali, pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria, jirani yangu aliuziwa ya namna hiyo ampake mtoto wa miezi saba usoni, ngozi ikang'aa siku ya pili, na alipoacha ikalipuka vibaya kuliko mwanzo. Usoni na kwenye mikunjo ni haidrokotisoni, steroidi isiyo kali, ya asilimia 1, kwa siku ulizoambiwa na daktari. Kipimo ni rahisi, kamua krimu kutoka ncha ya kidole chako cha shahada mpaka kwenye mkunjo wa kwanza, hiyo ni kama nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole.

Ukipunguza vitu nyumbani, punguza sabuni na harufu kwa pamoja kwanza, mpe wiki mbili, alafu kama unataka kujua kipi hasa kilikuwa kibaya rudisha kimoja kimoja, siku tatu nne kila kimoja. Kata kucha zake fupi. Usiku akiwashwa sana mpake mafuta yaliyokaa mahali baridi, inatuliza kuliko kumpiga mkono.

Ngozi ikianza kutoa maji ya njano na magaga, ikiwa na joto na inauma, kuna bakteria, apelekwe hospitali siku hiyo. Ikiwa ghafla umetoka mkusanyiko wa malengelenge madogo yanayofanana, yakipasuka yanaacha vishimo vya mviringo, na mtoto ana homa na amelegea, ni virusi vile vile vya vidonda vya mdomo vimeingia kwenye ukurutu, hapo usingoje asubuhi, na kama ni karibu na jicho ndo zaidi. Na mtu mwenye kidonda cha mdomo, awe baba, nyanya au mgeni, asimbusu mtoto huyu mpaka kikauke kabisa.